Kwa nini Msumbiji haichezi Chalenji: kanda, timu waalikwa na uzito wa kila kombe

Kutoka Mtwara mjini hadi Kilambo, ukingoni mwa Ruvuma, si safari ya kutwa nzima. Ukipita upande wa Nanyumbu unakuta Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa 2010, na ng'ambo zote mbili za mto watu wanaelewana kwa Kimakonde. Lakini Kombe la Chalenji, lile la timu za taifa za Afrika Mashariki na Kati, likianza, Msumbiji haimo. Waliomo ni Eritrea, Djibouti, Somalia, Sudan Kusini. Ukiitazama ramani ukiwa huku kusini, jambo hili linakera kidogo: Msumbiji iko chini yetu, Komoro iko mbele yetu baharini, Malawi iko magharibi ng'ambo ya Ziwa Nyasa, na zote tatu zinacheza kombe jingine kabisa, la COSAFA.

Umbali haukuhusika katika mgawanyo huu. Shirikisho la Soka Afrika, CAF, limeligawa bara katika kanda sita, Afrika Magharibi peke yake ikiwa na mbili. Kinachojiunga na ukanda ni chama cha soka cha nchi. Tanzania, kupitia shirikisho lake la soka, TFF, imo CECAFA, yaani baraza la vyama vya soka vya Afrika Mashariki na Kati, pamoja na Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Eritrea, Djibouti, Somalia, Sudan, Sudan Kusini na Zanzibar. Msumbiji imo COSAFA, baraza la kusini mwa Afrika, pamoja na Afrika Kusini, Angola, Botswana, Eswatini, Lesotho, Malawi, Namibia, Zambia, Zimbabwe na visiwa vya Komoro, Madagaska, Morisi na Shelisheli. Mpaka wa kanda hizi mbili kwa upande wa pwani ni mto Ruvuma wenyewe. Mtwara ni kijiji cha mwisho cha CECAFA, kama mtu angependa kuiweka hivyo.

Usizichanganye kanda hizi na jumuiya za kisiasa. Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na wa SADC, ile ya kusini mwa Afrika, pia, lakini kwenye soka ina ukanda mmoja tu. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia Afrika Mashariki mwaka 2022, ila timu yake ya taifa iliendelea kuwa ya ukanda wa kati, pamoja na Kamerun na Gabon. Uanachama wa jumuiya haubadilishi ratiba ya mpira.

Wazee wanaokumbuka Malawi ikibeba Chalenji hawajachanganya mambo. Ilibeba kweli, mwaka 1978, 1979 na 1988. Zambia ilibeba 1984 na 1991, Zimbabwe 1985. Nchi hizo zilikuwa upande wetu. COSAFA ilipoundwa mwaka 1997 na kuanzisha kombe lake mwaka huo huo, soka lao lilihamia kusini, na Chalenji ikabaki na nchi za mashariki na pembe ya Afrika. Zambia ndiyo iliyoshinda kombe la kwanza la COSAFA, kisha la pili. Msumbiji haijawahi kulitwaa. Ilifika fainali ya 2008 ikafungwa na Afrika Kusini, na ya 2015 ikafungwa na Namibia.

Mizizi ya Chalenji ni mirefu kuliko ya CAF yenyewe, iliyoundwa 1957. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kugombea Kombe la Gossage, lililodhaminiwa na kampuni ya Kiingereza ya sabuni. Tanganyika iliingia 1945, Zanzibar 1949. Mwaka 1967 jina likabadilika kuwa Kombe la Chalenji, na tangu 1973 linahesabiwa kwa jina la CECAFA. Ndiyo maana hesabu za mataji hutofautiana kijiweni: mmoja anaanza 1926, mwingine 1967, mwingine 1973. Ukianza 1973, Uganda inaongoza kwa mataji 15, la mwisho likiwa la 2019. Tanzania Bara ina matatu: 1974, 1994 na 2010. Zanzibar ina moja, la 1995.

Kilimanjaro Stars, Zanzibar Heroes na Taifa Stars

Hapa ndipo watu wengi hupotea, na si kosa lao.

FIFA na CAF zinaitambua Tanzania moja. Timu yake ni Taifa Stars, na mchezaji wa Mtwara na wa Pemba wanavaa jezi ile ile. CECAFA, kwa kufuata historia ya Gossage, inawatambua wanachama wawili: Bara, inayocheza kwa jina la Kilimanjaro Stars, na Zanzibar, inayocheza kwa jina la Zanzibar Heroes. Kwa hiyo Mzanzibari kama Feisal Salum anaweza kuwa Zanzibar Heroes kwenye Chalenji na Taifa Stars kwenye AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, bila kuvunja kanuni yoyote. Kocha wa Kilimanjaro Stars hawezi kumwita; kocha wa Taifa Stars anaweza.

Matokeo yake ni kwamba kikosi cha Chalenji si kikosi cha Taifa Stars kilichobadilishwa jina. Kimepungukiwa Wazanzibari wote, na kwa sababu ya kalenda, ambayo tutaifikia, kimepungukiwa pia wengi wanaocheza nje. Anayeipima Stars ya AFCON kwa kuitazama Kilimanjaro Stars anapima kitu kingine.

Machi 2017 CAF iliikubali Zanzibar kuwa mwanachama kamili. Julai mwaka huo huo ikaufuta uanachama huo, kwa hoja kwamba nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Desemba ile ile, kwenye Chalenji nchini Kenya, Zanzibar Heroes iliifunga Kilimanjaro Stars 2-1, ikaitoa Uganda 2-1 nusu fainali, na kufika fainali dhidi ya Kenya iliyoisha 2-2, ikapoteza kwa matuta. Nani alistahili heshima zaidi mwaka ule, hilo tunamwachia msomaji.

Mgeni akishinda, kombe linakwenda wapi?

Kanda zote mbili hualika timu za nje. Sababu ni za hesabu zaidi kuliko za udugu. COSAFA ina wanachama 14, na mara nyingi mmoja au wawili hujitoa. Makundi yakibaki na timu tatu, kila siku ya mechi kundi lina timu moja iliyokaa, na mechi ya mwisho inaweza kuchezwa na timu mbili zinazojua matokeo gani yanazifaa zote. Kuongeza mgeni kunarudisha makundi ya nne nne. Mgeni mwenye jina huongeza pia watazamaji na mdhamini.

Tanzania imewahi kuwa mgeni huyo. Mwaka 2017, Afrika Kusini, katika jimbo la North West, Taifa Stars iliwekwa kundi moja na Angola, Malawi na Morisi. Mfumo wa COSAFA wakati ule ulikuwa na utaratibu wake: timu nane za viwango vya chini zinaanzia makundi mawili, anayeongoza kila kundi anasonga, kisha wawili hao wanaungana na timu sita kubwa zilizokuwa zinasubiri robo fainali. Ni mfumo mkali, kwa sababu nafasi ya pili haina faida yoyote. Stars ilipita, ikaitoa Afrika Kusini 1-0 kwao, ikafungwa na Zambia 4-2 nusu fainali, na kuchukua nafasi ya tatu kwa matuta mbele ya Lesotho.

Je, kama ingelitwaa kombe? Jibu linategemea kanuni za mashindano ya mwaka huo, na hapo kanda hazijawahi kuwa na msimamo mmoja. Mwaka 2006, kwenye Chalenji iliyochezwa Ethiopia, Zambia ilialikwa, ikafika fainali, ikaishinda Sudan kwa matuta. Taji likapewa Sudan, kwa kuwa Zambia ilikuwa mgeni. Ukifungua orodha ya mabingwa leo unaikuta Sudan mwaka ule, na asiyejua kisa hiki atadhani ilishinda uwanjani.

Upande wa pili, mwaka 2021 Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, ilialikwa kwenye kombe la wanawake la COSAFA kule Afrika Kusini, ikaifunga Malawi 1-0 katika fainali kwa bao la Enekia Kasonga, na kombe likaja Tanzania bila maswali. Kwenye klabu ni vivyo hivyo: Kombe la Kagame la 2024 lililochezwa Dar es Salaam lilibebwa na Red Arrows ya Zambia, klabu isiyo ya CECAFA. Kwa hiyo anayesema mgeni hawezi kuwa bingwa ana mfano wa 2006, na anayesema anaweza ana mifano ya karibuni zaidi. Njia ya kumaliza ubishi ni kusoma kifungu cha timu waalikwa katika kanuni za mwaka husika. Ubishi wa kijiweni haufiki huko, lakini jibu liko huko.

Na kwa kuwa Kagame imetajwa: hilo ni kombe la klabu bingwa za ukanda, lililoanza 1974 na Simba ikiwa bingwa wa kwanza. Jina la Rais wa Rwanda lilikuja baadaye kwa sababu ya udhamini. Halihusiani na timu ya taifa hata kidogo.

Nani anaruhusiwa, nani anaachiwa

Kuna mambo mawili hapa. La kwanza ni kanuni ya mashindano: nani anaruhusiwa kucheza. La pili ni kalenda: nani klabu yake inalazimika kumwachia. Mashabiki huyachanganya, kisha wanamlaumu kocha.

AFCON inaruhusu mchezaji yeyote mwenye uraia na sifa za FIFA, na klabu zinalazimika kumwachia, ziwe za Ulaya au za hapa. Mechi za kufuzu AFCON na Kombe la Dunia huchezwa ndani ya madirisha ya FIFA, zile siku chache ambazo ligi nyingi duniani husimama.

CHAN, michuano mingine ya CAF ya timu za taifa, ni tofauti kwa kanuni yenyewe. Anaruhusiwa tu mchezaji anayecheza ligi ya nchi yake mwenyewe. Ilianza 2009 nchini Ivory Coast. Sharti si kucheza Afrika, ni kucheza nyumbani: Mtanzania aliye Namungo kule Ruangwa anaruhusiwa, Mtanzania aliye klabu ya Zambia haruhusiwi, na Mganda aliye Simba hawezi kuichezea Uganda CHAN hata kama ndiye mfungaji bora wa Ligi Kuu yetu. Kanuni hii ndiyo iliyoumba sura ya CHAN ya Agosti 2025, iliyoandaliwa na Tanzania, Kenya na Uganda kwa pamoja. Stars iliongoza kundi lake pale uwanja wa Benjamin Mkapa kwa ushindi dhidi ya Burkina Faso, Mauritania na Madagaska na sare na Jamhuri ya Afrika ya Kati, ikatolewa na Moroko 1-0 robo fainali. Moroko ikaja kuwa bingwa kwa kuifunga Madagaska 3-2 fainali ya Nairobi. Madagaska ile ile iliyokuwa imefungwa Dar es Salaam.

Chalenji na COSAFA haziko huku wala kule. Kwa kanuni zinaruhusu wachezaji wote. Kwa kalenda, Chalenji kwa miaka mingi imechezwa kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba, dirisha la Novemba likiwa limeshafungwa. Klabu ya nje haina wajibu wa kumwachia mtu. Kocha anaomba, klabu inakataa, na kikosi kinabaki cha wachezaji wa ndani kwa sehemu kubwa. Hata klabu za nyumbani hunung'unika, maana ligi husimama na mchezaji anaweza kurudi na jeraha. Kwa hiyo ukiona straika mkubwa hayupo Chalenji, uliza kwanza tarehe kabla ya kuuliza nidhamu yake.

Kwa kijana wa Mtwara au Lindi hii ni habari njema kuliko inavyoonekana. Kwenye AFCON anagombea nafasi na walioko Ulaya na Uarabuni. Kwenye Chalenji na CHAN anagombea na wa Ligi Kuu peke yao, na mkoa wa Lindi una Namungo iliyofika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020/21. Mtwara tangu klabu yake ya Ndanda iliposhuka Ligi Kuu mwaka 2020 haijapata nafasi kama hiyo, na kocha wa taifa haendi kumtafuta mtu daraja la chini kama Ligi Kuu inamtosha.

Ushindi una uzito gani

Tangu Agosti 2018 FIFA inakokotoa viwango vya dunia kwa njia ambayo mtu anaweza kuifanya kwa kalamu na kikokotoo cha simu. Unachukua pointi za timu kabla ya mechi, unaongeza uzito wa mechi uliozidishwa na tofauti kati ya matokeo na matarajio.

Matokeo ni 1 kwa ushindi, 0.5 kwa sare, 0 kwa kufungwa. Mechi ikiamuliwa kwa matuta, mshindi anapata 0.75 na aliyeshindwa 0.5. Matarajio yanatokana na tofauti ya pointi za timu mbili: zikiwa sawa, kila moja inatarajiwa 0.5, moja ikizidi kwa pointi 200, inatarajiwa karibu 0.68 na mwenzake 0.32.

Uzito ndio wenye habari yote. Mechi ya kufuzu AFCON ina uzito wa 25. Mechi ya fainali za AFCON kabla ya robo fainali ina 35, na kuanzia robo fainali 40. Chalenji na COSAFA zinahesabiwa kama mechi za kirafiki: 10 zikiwa ndani ya dirisha la FIFA, 5 zikiwa nje.

Fanya hesabu. Tuseme timu inacheza na mwenzake mwenye pointi sawa nayo kwenye Chalenji ya Desemba na inashinda: 5 mara (1 toa 0.5), inapata pointi 2.5. Ushindi huo huo kwenye kufuzu AFCON ungeipa 12.5. Ikishinda kwa matuta kwenye Chalenji inapata 1.25. Sasa chukua upande wa hatari: timu inayozidi mwenzake kwa pointi 200 ikishinda Chalenji inaongeza kama 1.6 tu, ikifungwa inapoteza kama 3.4, na hata sare inaipunguzia karibu pointi nzima. Timu kubwa ya ukanda haina faida ya kupeleka kikosi chake bora. Ina sababu ya kupeleka vijana. Mashabiki wanaolalamika kwamba fulani imeleta kikosi cha pili wanailaumu timu, ilhali lawama nyingine inastahili kwenda kwa jedwali la FIFA. Mechi dhidi ya Zanzibar ndiyo kabisa, haihesabiki, kwa kuwa Zanzibar si mwanachama wa FIFA.

Pointi hizi zina kazi. Droo za kufuzu AFCON na Kombe la Dunia hupanga timu katika vyungu, yaani madaraja ya nguvu, kwa viwango vya FIFA, na kila kundi huchukua timu moja kutoka kila chungu. Tofauti ya nafasi chache inaweza kukutoa chungu cha pili ukaangukia cha tatu, ukakutana na vigogo wawili badala ya mmoja.

Timu zikifungana kwa pointi

Kundi la timu nne lina mechi sita, kila timu inacheza tatu. Kwa mechi chache hivyo, kufungana kwa pointi ni jambo la kawaida, na kila mashindano yana mpangilio wake wa kutenganisha. Kuna njia mbili kuu. Moja inaanza na matokeo ya waliofungana wao kwa wao, ndivyo AFCON inavyofanya. Nyingine inaanza na tofauti ya mabao ya mechi zote za kundi.

Rudi kwenye kundi la COSAFA 2017. Taifa Stars na Angola zilimaliza na pointi 5 kila moja. Walipokutana ilikuwa 0-0, kwa hiyo matokeo ya wao kwa wao yasingetenganisha kitu. Stars ilikuwa imeifunga Malawi 2-0, Angola ilikuwa imeifunga Morisi 1-0. Tofauti ya mabao: jumlisha mbili dhidi ya jumlisha moja. Stars ikasonga, Angola ikafunga mizigo. Bao la pili dhidi ya Malawi, ambalo siku ile lilionekana la kunogesha tu, ndilo lililoiweka Stars mbele kwa tofauti ya mabao.

Miaka minane baadaye Angola ikakutwa na jambo lile lile kutoka kwetu, bila hata kucheza nasi. AFCON ya Moroko, iliyoanza Desemba 2025, ilikuwa na timu 24 katika makundi sita. Wawili wa juu wa kila kundi wanapita, jumla 12, na zinahitajika 16, basi wanaongezwa washindwa bora wanne kati ya walioshika nafasi ya tatu. Hawa hawakucheza pamoja, kwa hiyo matokeo ya wao kwa wao hayapo: unatazama pointi, kisha tofauti ya mabao, kisha mabao ya kufunga. Tanzania ilifungwa na Nigeria 2-1, ikatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia. Pointi 2, mabao matatu ya kufunga, manne ya kufungwa. Angola nayo ilikuwa na pointi 2, mabao mawili ya kufunga, matatu ya kufungwa. Tofauti yao ni toa moja, yetu ni toa moja. Tanzania ikapita kwa bao moja zaidi la kufunga, mara ya kwanza kuvuka makundi, kisha ikatolewa na Moroko 1-0.

Tazama bao lile dhidi ya Nigeria. Mechi ilipotea, pointi hazikuja, na aliyeondoka banda umiza kwa hasira kabla ya filimbi asingeliona lina maana gani. Bila bao hilo Tanzania ingekuwa na toa mbili na ingerudi nyumbani. Ndiyo maana kocha anayejua kanuni haambii timu yake ipumzike ikiwa imeshafungwa. Kuna jambo jingine la kuogopa: makundi yasipolingana idadi, kama Chalenji ya 2017 iliyokuwa na kundi la timu tano na kundi la timu nne baada ya Zimbabwe kujitoa, aliyecheza mechi nne hawezi kulinganishwa moja kwa moja na aliyecheza tatu. Mashindano makini hufuta matokeo dhidi ya timu ya mwisho wa kundi kubwa. Mengine hukwepa tatizo kwa kuchukua wawili wa juu tu, kama ilivyofanyika mwaka ule.

Kwa nini Chalenji huahirishwa hovyo

Chalenji haikuchezwa 2014, 2016 wala 2018. Ya 2021, Ethiopia, ikageuzwa kuwa ya vijana chini ya miaka 23, na Tanzania ikaitwaa kwa matuta mbele ya Burundi.

Chanzo ni gharama ikilinganishwa na mapato. Chukua timu 12 katika makundi matatu: mechi 18 za makundi, robo fainali nne, nusu fainali mbili, mshindi wa tatu, fainali. Jumla 26. Ukizibana katika siku 15 au 16, hatua ya makundi inadai mechi mbili kila siku, na zikichezwa kwenye uwanja mmoja, nyasi za golini zinakuwa udongo kabla ya robo fainali. Unahitaji viwanja viwili vilivyopitishwa, viwanja vya mazoezi visivyopungua vinne, taa za usiku, magari ya kubeba timu, na hoteli za watu zaidi ya 300 kwa wiki mbili, maana kila msafara una wachezaji, makocha, daktari na viongozi. Haki za televisheni za ukanda wetu hazilipi vyote hivyo. Serikali ya nchi mwenyeji ikisita, au mdhamini akichelewa, kombe linakufa wiki chache kabla ya kuanza.

Swali la viwanja vya huku kusini, Nangwanda Sijaona wa Mtwara au Ilulu wa Lindi, kuandaa angalau kundi moja hupimwa kwa mizani hiyo hiyo. Umati si tatizo. Tatizo ni taa, vyumba, viwanja vya mazoezi vyenye nyasi, na tarehe: Novemba na Desemba huku ni mwanzo wa mvua na ni msimu wa korosho, ambapo nyumba za wageni zimeshajaa wanunuzi na madereva wa malori.

Kwa hiyo Msumbiji tunakutana nayo wapi

Kwenye kufuzu AFCON, ambako droo haijali kanda. Historia ya huko si tamu. Mwaka 2012 Tanzania na Msumbiji zilitoka 1-1 Dar es Salaam na 1-1 Maputo, Msumbiji ikapita kwa matuta 7-6. Mwaka 2014 ilikuwa 2-2 Dar es Salaam, kisha 2-1 kwao, na Stars ikatoka tena. Katika zote mbili mpira uliharibikia nyumbani: sare yenye mabao, kisha safari ya ugenini huku bao la ugenini likiwa mkononi mwa mpinzani.

Njia ya pili ni COSAFA, Tanzania ikialikwa tena na zikipangwa pamoja. Ya tatu ni kirafiki ndani ya dirisha la FIFA, ambayo ina uzito wa 10, mara mbili ya Chalenji ya Desemba, na haihitaji ukanda wala mwaliko wa mtu: inahitaji TFF na wenzao wa Maputo wakubaliane tarehe, waamuzi wa kimataifa na uwanja uliopitishwa.